Upande wa Mlima

Juzi nilimpeleka mwanangu wa mwisho dukani kuchagua baiskeli. Kijana anayeuza alituonyesha moja yenye waya na vitufe kwenye usukani, akasema, "Mama, hii ina gia ishirini na moja. Unabadilisha huku unaendesha, wala husimami." Mwanangu macho yakamtoka. Mimi niliinama kuangalia gurudumu la nyuma, harufu ya grisi mpya ikanijaa puani, na nikajikuta nimerudi utotoni, nyuma ya nyumba yetu ya Lemara, pembeni ya mji. Kijana aliniuliza kama najisikia vibaya. Nikamwambia aendelee kumweleza mtoto, mimi baiskeli nazijua.

Na kweli nazijua, moja hasa. Baiskeli ya baba ilikuwa ya Kiingereza, ya zamani, nyeusi, nzito kuliko mimi. Babu aliachiwa na mzungu wa shamba la kahawa aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao, na baba akairithi kwa babu. Ilikuwa ya gia moja. Lakini gurudumu lake la nyuma lilikuwa na mahali pa kufungia gia pande zote mbili, kulia na kushoto, na baba hakuwa mtu wa kuacha nafasi ikae bure. Upande mmoja alifunga gia ndogo, upande wa pili gia kubwa yenye meno mengi. Mnyororo ulipita kwenye ile iliyokuwa kulia tu. Nyingine ilikaa kushoto ikisubiri zamu yake. Ukitaka kubadilisha, unafungua nati, unachomoa gurudumu zima, unaligeuza na kulirudisha. Ukiwa na gia ndogo unateleza kwenye lami mpaka upepo unakutoa machozi, lakini mlima hupandi. Ukiwa na kubwa, miguu inazunguka sana na baiskeli inajikokota, ila mlima unapandika. Nyumbani tuliziita upande wa lami na upande wa mlima.

Ijumaa jioni baba aliipindua baiskeli juu ya gunia, magurudumu yakaelekea mbinguni. Pembeni aliweka kopo la mafuta ya taa na tambara. Mimi nilikaa chini nimetandaza gauni, kazi yangu ikiwa kupokea nati zisipotee mchangani. Sikuruhusu mtu mwingine aishike kazi hiyo.

"Kesho tunakwenda wapi, Anande?"

"Mlimani!"

"Basi geuza tupande."

Baba akaligeuza gurudumu, akauvuta mnyororo nyuma, akaubonyeza kwa kidole gumba kuona kama umekaza, ndipo akanyoosha mkono nimpe nati. Jumamosi alfajiri alipanda kwenda Nkoaranga kwa bibi, akampelekea sukari na sabuni. Jumapili baada ya kanisa tuligeuza tena, kwa ajili ya Jumatatu ya kiwandani. Alinieleza kwamba gia ya baiskeli kama yetu huchaguliwa nyumbani, kwa sababu njiani hakuna wa kukushikia nati. Hapo mimi nilijiona mtu muhimu kupita kiasi.

Jambo jingine la nyumbani kwetu lilikuwa utani. Baba alikuwa Mmeru, mama Mchaga wa Machame, na kabla hawajaoana ukoo wa baba ulikuwa umeshamtafutia mchumba kulekule Nkoaranga, mwalimu wa shule ya msingi aitwaye Eliaichi. Baba akichelewa kurudi kutoka kwa bibi, mama alimpokea mlangoni. "Mwenzangu hajambo?" Baba alijibu bila kutabasamu, "Anakusalimu. Anauliza zamu yako inaisha lini." Mama alimchapa na kanga, baba akakimbilia jikoni, na sisi tukala.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Nyinyi wa rika langu mnakumbuka. Foleni za sukari ziliisha, maduka yakajaa sabuni za kunukia na dawa ya meno yenye mistari, mitumba ikarundikwa kila kona. Watoto tulidhani sikukuu imeanza na haitakwisha. Watu wazima wakawa wanaongea kwa sauti ya chini kuhusu viwanda: hiki kimefungwa, kile kimepata mwenyewe mpya, kile kingine wanapunguza watu. Mimi sikuwasikiliza. Baba alikuwa fundi wa karakana kwenye kiwanda cha serikali, kiwanda chenye king'ora, na kwa akili yangu kitu chenye king'ora hakiwezi kufungwa.

Jumanne moja, mvua za vuli zimeshaanza, nilikwenda nyuma kuanua nguo nikaikuta baiskeli imeegemezwa ukutani. Mnyororo ulikuwa kwenye gia kubwa. Nilisimama na nguo mkononi. Jumapili tulikuwa tumefunga upande wa lami, nati nimezishika mwenyewe, na kiwandani hakuna mlima. Baba alikuwa bombani ananawa, maana siku hizo alikuwa ameanza kunawa nje kabla ya kuingia ndani, kichwa, shingo, mikono mpaka kwapani.

"Baba, leo ulikwenda mlimani?"

Aliendelea kujimwagia maji. "Hapana. Jumapili nilisahau kugeuza."

"Hukusahau, baba. Mimi nilishika nati."

Alifunga bomba, akaniangalia, na sura yake sikuijua. "Anande, mama yangu, usimsumbue mama yako na mambo ya baiskeli. Sawa?"

Nikasema sawa. Lakini nyuma ya sikio lake, mahali ambapo maji hayakufika, niliona kitu cheupe, laini, kama cha kupaka. Mama alikuwa na kopo la poda kabatini, la kwenda nalo harusini. Sikujua kitu kingine cheupe kinachoweza kukaa shingoni kwa mtu mzima, na poda nilijua ni ya wanawake. Nikaunganisha mambo kwa haraka ya mtoto: baba anapanda mlimani siku za kazi, huko juu kuna mwanamke mwenye poda, na mwanamke huyo ni Eliaichi. Lililoniuma zaidi nitalisema kama lilivyokuwa. Nilijiuliza ni mtoto gani huko anamshikia baba nati.

Kuanzia hapo nilikuwa nakagua gurudumu kila jioni. Upande wa mlima. Kesho yake, upande wa mlima. Niliogopa kwenda nyuma ya nyumba na nikashindwa kutokwenda. Shuleni mwalimu alinichapa kwa kutosikiliza. Baba alikuwa anarudi amechoka mno, anakula kimya, anasinzia kwenye kiti na kijiko mkononi, na mama anamtazama. Alipochelewa, mama hakumuuliza tena habari za mwenzake. Utani ulipokufa ndipo nikajua kwamba mama naye anaogopa, na hofu yangu ikawa mara mbili, yangu na yake.

Halafu zikaja zile ndizi. Kwa bibi mtu haondoki mikono mitupu, hata awe amekuja kwa ugomvi. Baba alikuwa ametuambia kila Jumamosi kwamba anakwenda kwa bibi, na Jumamosi mbili mfululizo alirudi bila kitu, akisema mvua imeharibu migomba. Mama alisema tu, "Pole yake mama." Jumamosi ya tatu alirudi na mkungu mzuri wa ndizi za kupika, mshare kabisa, akautua mezani kama mtu aliyeshinda kesi. Mama aliukaribia na kisu, akasimama. Mkungu ulikuwa umefungwa kwa kamba ya nailoni ya bluu. Bibi alikuwa akifunga ndizi kwa gome kavu la mgomba, maisha yake yote, na nailoni alikuwa haitaki hata kwa mbuzi. Zile zilikuwa ndizi za sokoni.

Mama aliikata kamba, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye mfuko wa sketi yake. Ndizi alizipika. Baba alizila na kuzisifu, akasema za nyumbani zina ladha yake, na mimi nikazisukuma pembeni ya sahani.

Baba alipotoka, mama alinifuata uani.

"Anande. Baiskeli ya baba yako leo ina gia gani?"

Sikujua kwamba mama anazijua gia. Nilikuwa nimeahidi kutomsumbua, lakini huku hakukuwa kumsumbua, alikuwa anauliza mwenyewe. "Ya mlima."

"Na siku za kazi?"

"Ya mlima."

Mama aliitikia kwa kichwa mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Hesabu yake ilikuwa rahisi: amepanda mlimani, na kwa mama yake hakufika. "Jumamosi ijayo," alisema, "utavaa gauni la kanisani. Tunakwenda kumsalimia bibi yako." Usiku ule niliona amelitoa sanduku lake la Machame chini ya kitanda, akalifuta vumbi, akaliacha hapo wazi. Watoto wengi darasani kwetu walilelewa na mzazi mmoja, na nilijua mambo hayo huanza na sanduku.

Jumamosi tulisubiri baba aage. Alivaa ovaroli yake, akasema anampitia bibi baada ya kazi ya ziada, akaondoka. Sisi tukatoka nyuma yake, tukapanda gari mpaka njia panda ya mlimani.

Kutoka barabara ya lami kupanda Nkoaranga mama alitangulia mbele. Njia ilikuwa utelezi, udongo mweusi ukiganda kwenye viatu vyake vya kanisani, na kila tulipokutana na watu wanaoshuka kutoka hospitali ya huko juu alisalimia kwa sauti ya kawaida kabisa. Bibi tulimkuta anakata majani ya ng'ombe. Alitupa panga, akatukumbatia, na kabla sijamaliza shikamoo yangu akauliza, "Mwanangu mmemficha wapi? Tangu mvua zianze sijamtia machoni."

"Yupo, mama," alisema mama. "Kazi nyingi." Kisha akaomba njia ya kwenda kwa mwalimu Eliaichi. Bibi alimtazama, akaonyesha kwa kidevu.

Eliaichi alikuwa nje, anageuza kahawa kwenye kichanja cha kuanikia, kanga kiunoni. Nilitegemea mwanamke wa poda. Alikuwa mnene kidogo, miguu imejaa tope, mikono mikavu ya kazi.

"Shikamoo mwalimu," nilisema, kwa sababu hata kwenye vita mtoto anasalimia.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni jamani. Mama Anande, leo umetukumbuka!"

Mama hakukaa kwenye kigoda alichopewa. "Nimemfuata Baba Anande."

"Umemfuata hapa?"

"Mwalimu, unajua ninachosema."

Mkono wa Eliaichi ulisimama juu ya kahawa. Nilikuwa nimeinamisha kichwa tangu tuingie, lakini si kwa adabu. Nilikuwa natafuta alama ya tairi. Tairi ya nyuma ya baba ilikuwa na kiraka kilichoshonwa, na kwenye tope kiliacha alama ambayo ningeitambua popote. Ua lote lilikuwa tope, na kwenye tope kulikuwa na kwato za mbuzi na nyayo za ndala, basi.

"Mume wako," alisema Eliaichi taratibu, kama anayesomea darasa imla, "nilimwona mara ya mwisho kanisani, sikukuu ya Pasaka, na wewe ulikuwa umekaa pembeni yake. Ukitaka, ingia ndani umtafute. Angalia na uvunguni. Kuna kuku ametamia, usimtishe."

"Baiskeli yake inatumia gia ya mlima kila siku. Mtoto huyu hasemi uongo."

"Mtoto labda hasemi uongo. Lakini hapa haijafika."

"Mama," nilimvuta kanga. "Hakuna tairi."

Mama aliangalia chini, akaliangalia ua zima polepole, na nikaona shingo yake ikilegea. Nilidhani atafurahi. Badala yake alikikalia kile kigoda alichokikataa. Kumbe mwanamke yule alikuwa ndiye jibu letu, na sasa hatukuwa na jibu. Eliaichi hakuongeza neno la kumkomoa, na angeweza. Aliingia mgombani, akarudi na mkungu uliofungwa kwa gome, akauweka kichwani kwa mama kwa mikono yake mwenyewe. Kwa hiyo mama yangu alipanda mlima kwenda kumtukana mtu, akashuka amebeba ndizi zake. Njia nzima hakuthubutu kunitazama, na mimi sikuthubutu kuuliza: kama si kwa bibi na si kwa huyu, baba yuko wapi?

Tulishukia mjini, na badala ya kushika njia ya nyumbani mama alikata kuelekea Kaloleni. "Ndizi za yule mwanamke haziingii jikoni kwangu," alisema, ingawa kosa lote lilikuwa lake mwenyewe. "Tutakula ugali." Alikuwa na duka lake la siku zote huko, la Mzee Shabani, kwenye kichochoro kinachopanda kidogo kutoka upande wa kiwanja cha mpira.

"Unga umeniishia, mama," alisema Mzee Shabani. "Lakini kaa hapo kidogo, mzigo uko njiani kutoka mashineni. Yule bwana wa baiskeli hachelewi."

Tukakaa kwenye benchi, mkungu katikati yetu. Watu walipita. Wingu lilikuwa linajaa. Kisha nikasikia pumzi ya mtu anayejikaza, na kutoka chini ya kichochoro yakatokea magunia ya unga, yamepangwa kwenye keria juu kuliko kichwa cha mwendeshaji, mbele yake mtu amesimama juu ya pedali, ameinama mpaka kifua kinagusa usukani. Sikumwangalia usoni. Nilikuwa nimeshazoea kuangalia gurudumu. Mnyororo ulikuwa kwenye gia kubwa, na tairi ilikuwa na kiraka kilichoshonwa.

Kile kimwinuko mimi ningekipanda nikiruka kamba. Baba alikuwa anakipanda kama watu wanavyopanda Nkoaranga, kwa sababu mlima alikuwa ameufunga nyuma yake. Alikuwa mweupe mpaka kwenye kope. Unga ulikuwa umemkaa shingoni, nyuma ya masikio, kwenye mikunjo ya ile ovaroli ya kiwandani.

Alituona akiwa karibu kabisa na mlango, akashusha mguu mmoja. Baiskeli ikayumba, akaizuia kwa paja.

"Mama Anande," alisema.

Mama aliutazama unga kwenye kope zake.

"Bwana, ingiza ndani, mvua hiyo inakuja," Mzee Shabani alipiga kelele kutoka kaunta. "Na huyu mama anasubiri kilo zake. Kwani mnajuana?"

Niliona mama anavyofikiria. Angeweza kusema lolote. Alikuwa na gauni lake zuri, na yule pale alikuwa mchukuzi wa unga wa Kaloleni.

"Ni mume wangu," alisema. Akainuka, akashika upande mmoja wa gunia la juu. "Shika huko."

Wakayaingiza magunia yote. La mwisho liliposhuka, mama aliegemea ukuta wa duka, nguo nzima imejaa unga.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua. Kiwanda kina mwenyewe mpya. Alitushukuru, akatuambia tusirudi."

"Na asubuhi unavaa ovaroli unaniaga."

"Ningekuambia nini?"

Hapo mama alilia. Sikuwahi kumwona akilia mbele za watu, na sikumwona tena baada ya hapo. "Nimetoka Nkoaranga sasa hivi," alisema. "Nimemtukana mwalimu wa watu mbele ya kahawa yake. Mwanamke ningemweza, Baba Anande. Nilikuwa nimeshajipanga naye, hata sanduku nimelitoa. Hili nimejipanga nalo lini?"

Baba alijifuta uso, akazidi kujipaka unga. Nilimwonea huruma. Nilikuwa nimemchukia majuma mangapi, kwa ajili ya nati, kwa ajili ya mtoto ambaye hakuwepo. Nilitaka kumshika mkono, ila sikujua kama baba wa namna hii anashikwa mkono mbele za watu, kwa hiyo nikashika tandiko la baiskeli.

"Imebaki safari moja," alisema baba, kwa mama au kwa Mzee Shabani, sijui. "Nyie tangulieni nyumbani."

Mama alivua viatu vyake vya kanisani, akanipa nivishike. Akafunga kanga juu ya gauni. "Mashine iko wapi?"

"Mama Anande."

"Nimeuliza, mashine iko wapi?"

Baba alionyesha. Tukaenda wote watatu, mkungu tukauacha bencheni. Mashineni walimpakia magunia kama kawaida yao, wakitutazama, na tukarudi mpaka chini ya kile kichochoro. Matone ya kwanza yalikuwa yameanza kudondoka. Baba alipanda, akaweka mguu kwenye pedali, akasita. Mama alikuwa nyuma ameshaweka viganja vyote viwili kwenye magunia, miguu peku imejichimbia chini.

"Watu watakuona," baba alisema bila kugeuka.

"Waone," alisema mama. "Kanyaga."